Jina Linalofunika Mvua

Chukua simu yako, ufungue ramani yoyote ya mvua inayoonyesha Kenya nzima, zile zenye kijani na njano na nyekundu kidogo. Usikuze, usiguse. Sasa tafuta jina NYERI na ulipime kwa rula.

Mimi nimelipima. Kwenye skrini ya kawaida, nchi nzima kutoka Ziwa Victoria hadi Mandera, karibu kilomita 890, inabanwa kwenye sentimita saba. Kila milimita inabeba zaidi ya kilomita 12. Jina NYERI, likiandikwa kwa herufi ambazo mama wa miaka 60 atazisoma bila kuomba miwani ya jirani, linakula milimita nane. Hizo ni kilomita 100. Kaunti ya Nyeri yenyewe, kutoka juu ya Aberdare hadi kilele cha Mlima Kenya, haifiki kilomita 80 kwa upana. Jina limepita mahali penyewe kwa ukubwa, na chini ya jina ndiko mvua ilikochorwa.

Unaweza kusema hiyo ni kero ya mtu asiye na kazi. Lakini hii ni kazi yangu, angalau ya Jumapili jioni. Hapa Majengo, Nyeri mjini, kuna akina mama kadhaa wanaouza viazi, kabeji na karoti, na mali yao inatoka Kieni: Endarasha, Mweiga, Narumoru, Kiawara. Kila wiki nawatumia ramani ya mvua ya siku tano kwa WhatsApp. Data ni ya bure, inatoka Marekani, kwenye modeli inayoitwa GFS. Programu ya kuchorea nayo ni ya bure. Malipo yangu ni viazi. Na hawa mama hawaniulizi habari za nchi. Wanataka kujua kama Probox itafika shambani Jumanne au itazama kwenye matope, kwa sababu ikizama mzigo unaozea njiani na deni la chama linabaki pale pale.

Sasa, Nyeri haina hali moja ya hewa. Othaya na Tetu, kwenye mteremko wa Aberdare, ni nchi ya chai na kahawa, mvua haiwapigi chenga. Kieni iko upande ambao mlima umeukinga dhidi ya pepo zenye maji kutoka Bahari ya Hindi. Mawingu mengi huwa yameshamwaga mzigo wake kule Embu na Chuka kabla hayajazunguka. Mtu wa Othaya anaweza kuwa anaanua nguo mbio mbio huku mtu wa Kiawara anahesabu siku tangu tone la mwisho. Wote ni Nyeri. Kwenye ramani ya habari za jioni, wote wako chini ya herufi tano, na kwenye taarifa ya mvua wako ndani ya jina pana zaidi, nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa, pamoja na Meru, Kiambu, Murang'a na wengine.

Nilipoanza kuchora nilidhani adui yangu ni projeksheni. Projeksheni ni ile namna ya kuichuna dunia ya mviringo kama chungwa na kuilaza ganda lake kwenye karatasi. Ganda la chungwa halilali bila kupasuka au kuvutwa, kwa hivyo kila ramani ya dunia inasema uongo mahali fulani, na mchoraji anachagua uongo uwe wapi. Maarufu kuliko zote ni ile ya Gerardus Mercator, ya mwaka 1569, iliyotengenezwa kwa ajili ya mabaharia: ukipiga mstari ulionyooka juu yake, unaweza kuufuata kwa dira bila kubadilisha upande. Gharama yake ni kwamba kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, nchi zinavimba. Greenland inaonekana kama inashindana na Afrika, na Afrika ni kubwa kuliko Greenland karibu mara 14.

Hasira juu ya jambo hili si ya jana. Agosti 2025 Umoja wa Afrika ulitangaza kuunga mkono kampeni ya mashirika Africa No Filter na Speak Up Africa, ya kutaka shule na taasisi ziachane na Mercator na kutumia projeksheni inayoheshimu ukubwa wa mabara, kama ile inayoitwa Equal Earth, iliyotungwa mwaka 2018 na Tom Patterson, Bojan Šavrič na Bernhard Jenny. Niliiposti ile habari kwa status, nikaandika maneno makali. Bado nasimama nayo. Mtoto anayekaa darasani miaka minane akitazama bara lake limesinyaa ukutani anajifunza kitu ambacho mwalimu hakukitamka.

Ila kwa mvua ya Nyeri, Mercator hana kesi ya kujibu. Yeye huvimbisha kulingana na umbali kutoka ikweta, na sisi tumeikalia ikweta. Nyeri mjini ni chini ya nusu digrii kusini. Kwa hesabu ya Mercator, kilomita 100 za huku zinaongezwa kama mita tatu tu, urefu wa kibanda cha M-Pesa. London, kilomita 100 zinavimba zikawa kama 160. Ukiichora Kenya peke yake kwa Mercator, kwa Equal Earth, au kwa ile ya kawaida ya latitudo na longitudo zilizopangwa kama karatasi ya hesabu, halafu umwonyeshe mama wa viazi, hataona tofauti, na hana makosa. Kama una bando, nenda kwenye ramani ya upepo ya Cameron Beccario, earth.nullschool.net, ambayo iko mtandaoni tangu 2013. Kuna sehemu ya kuchagua projeksheni. Zijaribu zote. Dunia inageuka chungwa, inageuka kipepeo, inageuka sahani, na Kenya inabaki Kenya.

Kuna watu ambao projeksheni imewauma kwenye hali ya hewa, tena si Waafrika. Mei 2005 BBC ilibadilisha ramani yake ya utabiri ikaleta picha ya kisasa, iliyolazwa kidogo kana kwamba unaitazama Uingereza ukiwa angani upande wa kusini. Kusini mwa nchi pakawa papana, karibu na macho, na Scotland ikasukumwa kule mbali ikawa ndogo. Waskoti walilalamika hadi bungeni, na kabla mwezi haujaisha BBC ikapunguza ule mlalo. Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba hakuna aliyekaa chini akasema tuwadhulumu Waskoti. Mtu alitafuta pembe nzuri ya kamera, basi, na kamera ilikuwa imesimama karibu na nyumbani kwake.

Sisi hatujasukumwa mbali kwa pembe ya kamera. Cha kwetu kiko kwenye lebo, na lebo za mlima huu zina historia ndefu kuliko kompyuta.

Tuanze na lile jina kubwa kuliko yote. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf, akiwa Ukambani, Kitui, kwa mwenyeji wake Kivoi, aliuona mlima wenye theluji ukiwa mbali sana. Akaandika jina alivyolisikia kwa Wakamba. Huko London kulikuwa na mabingwa wa jiografia, akiwemo Desborough Cooley, waliokataa katakata kwamba kunaweza kuwa na theluji kwenye ikweta. Mtu aliyekaa mezani alimbishia aliyeona kwa macho. Wakikuyu waliokuwa wakiishi chini ya mlima wenyewe walikuwa na jina lao, Kirinyaga, lakini lililoandikwa ni lile la Kitui. Kisha tazama lilivyokua. Mwaka 1849 ni jina la mlima mmoja. Mwaka 1920 Waingereza wanaigeuza himaya yao kuwa Koloni la Kenya, na jina linavutwa kutoka mlimani hadi Lamu na Turkana. Kwa lugha ya programu yangu, hapo fonti imetoka 8 ikaenda 72.

Kisa cha pili ndicho ninachokifikiria kila Jumapili. Mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, pamoja na Jakob Erhardt, walikaa pwani wakiwauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Waswahili na Waarabu hawa walikuwa wamefika huko kwa miguu. Waliosafiri kwa njia ya kusini walisema kuna maji makubwa. Wa njia ya kati wakasema kuna maji makubwa. Wa njia ya kaskazini vile vile. Wamisionari wakaunganisha maneno yote na kuchora ziwa moja kubwa ajabu, lenye umbo la konokono asiye na gamba, wakaliita Bahari ya Uniamesi. Ramani hiyo ilichapishwa Ujerumani, na kufikia 1856 ilikuwa imefika London na kuleta kelele. Ni miongoni mwa sababu zilizowafanya Burton na Speke waondoke pwani mwaka 1857.

Konokono yule alikuwa maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na Victoria. Kila mfanyabiashara alikuwa amesema kweli kuhusu ziwa lake. Uongo uliingia pale walipopewa jina moja na mstari mmoja wa kuwazunguka. Huwa nawacheka wamisionari wale, halafu nakumbuka kwamba modeli ninayoitumia mimi inafanya yale yale, kila saa sita, tena kwa kompyuta ya mamilioni.

Iko hivi. Data ya GFS ninayoitumia inaigawa dunia katika miraba ya robo digrii, na kwetu hapa ikweta robo digrii ni kama kilomita 28. Kila mraba unapewa namba moja ya mvua. Kutoka Othaya hadi Mweiga, kwa mstari wa ndege, ni chini ya kilomita 30. Kwa hivyo nchi ya chai na nchi ya ukame zinaweza kupewa namba moja, au zikabahatika kupata miraba miwili iliyopakana. Mlima nao unasawazishwa: kilele cha Batian, mita 5,199, hakimo ndani ya modeli, kuna kilima kipana tu, na pepo za bahari zinakipanda bila kuchoka. Halafu programu inachukua namba hizo chache na kulainisha rangi kati yake, zinaingiana polepole kama batiki, na wewe unayeangalia unadhani mtu amepima kila shamba. Hapo juu ndipo panapokuja kukalia jina NYERI. Konokono amepewa rangi, kisha amefunikwa blanketi.

Nani aliiweka NYERI pale? Kwa asili yake ni boma. Desemba 1902 afisa wa jeshi la KAR, Richard Meinertzhagen, alikuwa kwenye msafara wa kuwaadhibu watu wa Tetu, na kambi ikasimamishwa chini ya kilima cha Nyeri. Kambi ikawa kituo cha utawala, kituo kikawa mji. Wenye mji wakahitaji wapagazi, askari, wapishi, washonaji, watu wa duka, na hao walihitaji pa kulala usiku ukiingia, mbali kidogo na nyumba za wakubwa. Ndivyo zilivyoota Majengo za miji ya mlima huu, Nyeri, Nanyuki, Meru, Embu: watu waliokuja na misafara, askari waliomaliza utumishi, Waislamu, wanawake waliojijengea vyumba vyao, Wakikuyu walioachana na kijiji na kuanza kuitwa Waswahili. Mpaka leo ukimsikiza mzee wa hapa kwetu akiongea, Kikuyu na Kiswahili vinapokezana kwenye sentensi moja na hakuna anayegeuka kumwangalia.

Lakini jina Majengo halina bahati kwenye mashine. Liandike kwenye apu yoyote ya hali ya hewa uone. Utapelekwa Mombasa. Ukikataa, Pumwani, Nairobi. Kuna ya Vihiga, ya Dodoma, ya Moshi, ya Songea. Ni jina lililotolewa na mtu aliyesimama upande wa pili wa barabara akanyoosha kidole: yale majengo. Kwa mtu wa ofisini lilitosha. Kwa sisi tunaolala humo kila moja ina harufu yake na ubishi wake, ila kompyuta inaziona kama nakala.

Watu wa aina hiyo ya Majengo ndio pia walioubeba mlima kwenye ramani. Mwaka 1899 Halford Mackinder, mwanajiografia wa Oxford, alikuja kuupanda Mlima Kenya akiwa na wapagazi Waswahili zaidi ya 60, Wakikuyu wengi zaidi, na Wazungu wenzake watano. Tarehe 13 Septemba alifika Batian pamoja na waongozaji wawili kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Kisha akagawa majina. Vilele vitatu vikuu akawapa malaibon wa Kimaasai: Batian, Nelion, Lenana. Sina ugomvi na malaibon. Lakini fungua ramani ya wapanda mlima leo na usome yaliyojaa kuzunguka vilele hivyo: Point Piggott, Point Dutton, Point Thomson, Bonde la Teleki, Hausburg Col, Gregory, Lewis, na bonde la Mackinder mwenyewe. Kwenye orodha hiyo hakuna mtu aliyebeba mzigo kichwani.

Jina mojawapo huko juu hunichekesha. Njia ya Naro Moru, kwenye mita 3,050, kuna mahali wapandaji wanapolala kabla ya kuingia kwenye bonde la matope. Panaitwa Met Station. Yaani kituo cha hali ya hewa kimekuwa jina la mtaa.

Vituo navyo vina siri yao. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Waingereza ilianza 1929, chini ya Albert Walter aliyetolewa Mauritius, ikihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kupima mvua ni kazi nyepesi: kopo la shaba, chupa, na mtu mwaminifu wa kuamka saa tatu asubuhi kila siku kwa miaka 30. Watu hao walipatikana kwenye mashamba ya walowezi, kwenye misheni, na kwenye maboma ya serikali. Basi mvua ya zamani tunayoijua vizuri ni ile iliyonyesha karibu na Mzungu. Ukichora nukta za vituo vya mvua vya enzi zile umechora ramani ya nani alikuwa na ardhi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ikabaki na idara yake, na yetu sasa iko Dagoretti Corner, Nairobi. Imeongeza mengi tangu hapo. Tangu 1999 kuna hata kituo cha kupima hewa yenyewe kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa mlima, mita 3,678 juu. Ila rekodi ndefu, zile za kulinganishia mwaka huu na miaka iliyopita, bado zinaegemea pale zilipoanzia.

Wacha nikupe na hiki kuhusu lebo, kwa sababu kilitokea hapa hapa Nanyuki na watu wa rika letu hawakijui vya kutosha. Januari 1943, Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita katika Kambi 354 walitoroka ili wakapande mlima waliokuwa wakiuona kupitia seng'enge. Walikuwa Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Hawakuwa na ramani. Walichokuwa nacho ni lebo ya mkebe wa nyama, yenye mchoro wa Mlima Kenya. Mchoro ulionyesha upande mmoja tu. Pande nyingine ilibidi wazibuni kwa macho. Batian iliwashinda. Benuzzi na Balletto wakafika Lenana, wakasimika bendera, na baada ya siku 18 nje, wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Wakahukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao, wakaachiliwa baada ya saba. Bana, hawa watu walipanda mlima wa mita karibu 5,000 kwa kutumia karatasi ya mkebe! Mimi nina setilaiti na bado nababaika kati ya Mweiga na Endarasha.

Turudi kwenye meza yangu. Programu nyingi za kuchora hali ya hewa, kuanzia GrADS ya zamani ambayo huku Afrika imefundisha wengi, hadi vifaa vya kisasa vya Python, zinakupa amri moja ya projeksheni na amri nyingine ya ukubwa wa herufi. Projeksheni imeandikiwa vitabu. Ukubwa wa herufi ni namba tu, unaipandisha hadi mtu asome. Majina yenyewe yanatoka kwenye orodha zilizotengenezwa tayari; mojawapo inayotumika sana ni Natural Earth, ya mwaka 2009, aliyoianzisha yule yule Tom Patterson wa Equal Earth pamoja na Nathaniel Vaughn Kelso. Kila mji una daraja lake. Majina mawili yakigongana, mwenye daraja dogo anafutwa kimya kimya. Skrini haikwambii kwamba palikuwa na mtu hapo.

Halafu kuna swali la jina likae upande gani wa nukta. Mchoraji ramani wa Uswisi, Eduard Imhof, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1962, na kanuni yake inafuatwa hadi leo na mashine ambazo hazijawahi kusikia jina lake: jina liwekwe kulia, juu kidogo. Kwa Nyeri, kulia ni mashariki. Jina linalala juu ya mlima wenyewe na mkia wake unaingia Meru. Ukiliweka kushoto, linaizima Kieni magharibi na Nyandarua. Ukilishusha chini, umefunika Othaya na Murang'a. Nimekaa usiku mzima na maswali haya, stima ikipotea na kurudi, na nikaona kwamba kulia kuna mantiki: pale katikati ni msitu na barafu, hakuna mwenye viazi. Kwa mara ya kwanza mlima ukanisaidia kubeba kitu.

Tatizo ni ule mkia. Kupunguza fonti hakufai, kwa sababu wateja wangu wanatumia simu zenye kioo kilichopasuka na wanazisomea sokoni juani. Nilichofanya ni kulitoa jina NYERI kabisa. Nimekata ramani ikabaki mraba mdogo, kutoka Aberdare hadi mlimani, kutoka Othaya hadi Nanyuki, na ndani yake nimeandika majina wanayoyaita wao wakipiga simu kuuliza bei. Kwa nini haikuwa hivyo tangu mwanzo kwenye ramani za wengine? Kwa sababu mraba mdogo unamfaa mtu wa hapa peke yake, na ramani inayomfaa mtu wa hapa peke yake haina mlipaji isipokuwa kwa viazi.

Mraba huo umenifunulia kichekesho kingine cha ikweta. Ramani rasmi za Kenya zinatumia vipimo vya UTM, vinavyohesabu umbali wa kaskazini kwa mita. Kusini mwa ikweta, mstari wenyewe unapewa namba 10,000,000, na unahesabu kwa kushuka. Nyeri iko kwenye milioni 9.95 na kitu. Kaskazini mwa ikweta mstari ule ule unaitwa sifuri. Nanyuki imevuka mstari kwa kilomita moja hivi. Ukizileta Nyeri na Nanyuki kwenye programu moja bila kuiambia kitu, safari ya matatu ya saa moja inageuka kilomita 10,000, na Nanyuki inatupwa kusini kabisa, kwenye barafu ya Antaktika. Watalii wanapiga picha pale kwenye bango la ikweta, maji yanazungushwa kwenye karai, na hakuna anayewaambia kwamba wamesimama kwenye sifuri na milioni kumi kwa wakati mmoja.

Wakati wa mvua ya njahi, ile ya Machi hadi Mei, ramani zangu hufunguliwa hata na watu nisiowajua. Mtu anamforwadia mwenzake. Wengi wanauliza rangi ina maana gani. Mama wa kabeji hajawahi kuniuliza rangi. Yeye ananiuliza kama ile ya kijani iliyo juu ya Endarasha imesimama au inapita, swali ambalo data yenye miraba ya kilomita 28 haina haki ya kulijibu, na huwa namjibu hivyo, nikimwita mama na kumweleza kwa heshima kwamba mashine haioni hadi hapo. Ananijibu, basi wewe kijana nionyeshe ilipo, kupita nitajua mwenyewe. Anapiga simu kwa dada yake aliye kule, anamwomba atoke nje atazame upande wa mlima.

Jumapili iliyopita Chaka na Kiganjo ziligongana. Ziko jirani sana, na kwa fonti inayosomeka mmoja lazima aondoke. Niliiacha Chaka kwa sababu ndiko mizigo mingi inakopakiwa. Mama wa karoti, ambaye ameolewa Kiganjo, akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Nusu ya kwanza ilikuwa kuhusu mvua.